Bendera Iliyopinduka: Kumsaidia Mwanagenzi Kurekebisha Programu Yake ya Kwanza ya Michoro

Utangulizi

Makala hii inanuia kufafanua namna ya kumsaidia mwanagenzi arekebishe programu yake ya kwanza ya michoro, yaani programu ndogo inayoandikwa kwa mistari michache na kutekelezwa ndani ya kivinjari cha wavuti. Huenda msomaji akajiuliza mada kama hii inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba wanafunzi wa lugha nao wamo katika shughuli hii. Anayetaka kuunda kamusi ya kielektroniki, zoezi la ngeli kwa watoto wa shule au ramani ya lahaja za pwani hana budi kuanzia mahali fulani, na aghalabu huanzia kwa mstatili mmoja uliopakwa rangi kwenye kiwambo. Wengi huishia papo hapo. Mstatili haukutokea, mjuzi akaitwa, akaketi mbele ya tarakilishi, akabonyezabonyeza, mstatili ukatokea. Mwanagenzi huondoka na programu inayofanya kazi lakini asiyoielewa, pamoja na imani kwamba mambo haya yana wenyewe.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kurekebisha programu ni kazi ya usomaji kabla ya kuwa kazi ya ufundi. Mtu aliyefunzwa kusoma matini neno kwa neno, akatofautisha kilichoandikwa na kilichokusudiwa, tayari ana sehemu kubwa ya stadi inayohitajika, awe anasaidiwa au anasaidia.

Kifani: bendera ya Kenya

Ili mjadala usielee hewani, utatumiwa mfano mmoja tu. Tuseme mwanagenzi ameamua kuchora bendera ya Kenya. Uamuzi huo ni mzuri kwa sababu bendera hii ina vipimo vinavyojulikana. Uwiano wa kimo na urefu wake ni 2 kwa 3. Milia mitatu mikubwa, yaani mweusi, mwekundu na wa kijani, ina upana sawa, na milia miwili myeupe inayoitenganisha ina upana wa sehemu moja kwa kila sehemu sita za mlia mkubwa. Ukijumlisha sita, moja, sita, moja na sita unapata ishirini. Kwa hivyo eneo la kuchorea lenye upana wa pikseli 300 na kimo cha pikseli 200 linagawika bila salio: mlia mweusi pikseli 60, mweupe 10, mwekundu 60, mweupe 10, wa kijani 60. Katikati kuna ngao ya Kimaasai na mikuki miwili iliyopishana, ambayo mwanagenzi mwenye busara ataiacha hadi mwisho.

Eneo hilo la kuchorea huitwa kwa Kiingereza kwa neno linalomaanisha turubai, na hivyo ndivyo litakavyoitwa hapa. Lilibuniwa na kampuni ya Apple mwaka wa 2004, likakubaliwa na watengenezaji wengine wa vivinjari, na likawa sehemu ya HTML5 iliyoidhinishwa rasmi mwaka wa 2014. Lugha inayotumiwa kulichorea ni JavaScript, iliyoundwa na Brendan Eich mwaka wa 1995 alipokuwa katika kampuni ya Netscape. Historia hiyo ina umuhimu mmoja tu katika makala hii: lugha ile iliundwa kwa haraka, kwa ajili ya watu ambao hawakuwa wataalamu, nayo ina tabia ya kusamehe mambo ambayo ingekuwa heri isingeyasamehe. Tabia hiyo itaonekana hivi punde.

Maneno ya mashine na maneno ya mwandishi

Katika programu yoyote kuna maneno ya aina mbili. Kuna yale ambayo lugha yenyewe imeyaweka, ambayo mwandishi hana ruhusa ya kuyabadilisha hata kwa herufi moja. Kisha kuna yale anayoyabuni mwandishi ili kuhifadhia thamani zake. Mwanagenzi anayejua Kiingereza pekee hupata taabu kuzitenga aina hizi, kwa kuwa zote zinafanana machoni pake. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana faida ambayo ni nadra kutajwa. JavaScript haijali jina lililobuniwa na mwandishi limetoka lugha gani. Mwanagenzi akiita thamani zake “kimo”, “upana” na “rangi”, programu yake itakuwa matini yenye ndimi mbili zilizochanganywa kwa utaratibu: cha Kiingereza ni cha mashine, cha Kiswahili ni cha mwandishi. Akitazama mstari wowote anajua papo hapo ni neno lipi aliangalie kitabuni na lipi aulize nafsi yake.

Kwa sababu hiyo, msaidizi anayemwambia mwanagenzi abadilishe majina yake yawe ya Kiingereza “kama wanavyofanya wataalamu” anamnyang'anya taa gizani. Wakati wa kuandika kwa ajili ya wenzake wa mataifa mengine utafika. Siku ya kwanza si wakati huo.

Makosa yanayopiga kelele

Wanaisimu wamezoea kutenga usahihi wa kisarufi na usahihi wa kimaana, na Noam Chomsky alikwisha kuonyesha mwaka wa 1957 kwamba sentensi yaweza kutimiza masharti ya sintaksia na bado isimaanishe lolote. Mgawanyo huo unafaa sana katika kuelewa makosa ya programu, ila hapa inabidi kuongeza swali jingine: je, mashine imelalamika au imenyamaza?

Kosa la sintaksia hupiga kelele. Kabla ya kutekeleza amri hata moja, kivinjari husoma programu nzima, na kikikuta muundo kisichoweza kuuchanganua hukataa yote. Mfano unaowahusu waandishi wa Kiswahili kwa namna ya pekee ni ritifaa. Tuseme bendera imeshachorwa vizuri, na mwanagenzi, kwa furaha yake, anaongeza kimo cha turubai na kuandika chini ya bendera maneno: Bendera inang'ara. Katika JavaScript maneno ya kuonyeshwa hufungwa kwa alama za nukuu, moja moja au mbili mbili. Akitumia alama moja moja, mashine itachukulia ritifaa ya “ng'” kuwa ndiyo alama ya kufunga. Itasoma “Bendera inang”, kisha itakutana na “ara” na kuduwaa. Matokeo yake humshtua mwanagenzi. Bendera nzima imetoweka ingawa mistari yake haikuguswa. Yeye hudhani ameharibu kila kitu, huanza kufuta na kuandika upya mistari iliyokuwa sahihi, na sasa makosa yanakuwa mawili. Dawa ni kutumia alama mbili mbili za nukuu. Lakini dawa bila maelezo haifai kitu. Anachohitaji kujua ni kwamba kosa la sintaksia katika mstari wa mwisho huzuia hata mstari wa kwanza, kwa hiyo kutoweka kwa mchoro wote hakumaanishi kuwa mchoro wote una kasoro.

(Wanaoandikia programu zao katika kihariri cha barua na tasnifu wana balaa la ziada. Kihariri hicho hupinda alama za nukuu ili zipendeze, na mashine haizitambui zilizopindwa. Kihariri sahili cha matini kinatosha, tena ni bora.)

Kosa la pili linalopiga kelele hujitokeza programu ikiwa tayari inatekelezwa. Kivinjari husoma ukurasa kutoka juu kwenda chini. Iwapo amri za kuchora zimewekwa juu ya mstari unaoliumba turubai, amri hizo zitaliomba turubai ambalo bado halipo. Mashine itajibu kuwa haiwezi kusoma sifa za kitu kisichokuwepo, na itasita hapo. Kulihamishia fungu la amri mwishoni mwa ukurasa kunatosha kuponya ugonjwa huu. Tofauti na kosa la sintaksia, kosa la aina hii huacha kazi iliyotangulia ikiwa imekwisha kufanyika: mwanagenzi akikosea jina la amri ya kuchora katika mlia wa tatu, milia miwili ya kwanza itakuwapo na mingine haitakuwapo. Mahali mchoro ulipokatikia ni dalili. Msaidizi hodari huuliza, “Cha mwisho kuonekana ni kipi?” naye mwanagenzi akijibu, tayari ameshauelekeza mkono wake karibu na kosa.

Malalamiko haya ya mashine hayaonekani kwenye ukurasa wenyewe. Katika vivinjari vingi vya tarakilishi kitufe cha F12 hufungua dirisha la wasanidi, na ndani yake hupatikana ujumbe wa kosa pamoja na nambari ya mstari. Wanagenzi wengi hawajui kuwa dirisha hilo lipo, na wanaolijua huliogopa kwa kuwa limeandikwa kwa Kiingereza chenye rangi nyekundu. Msaada wa kwanza wa kweli ni kumketisha mwanagenzi mbele ya ujumbe huo na kumtaka autafsiri kwa Kiswahili. Tafsiri isiwe ya kifasihi. Asiporuka neno, ataona kuwa ujumbe unataja kitu gani, wapi, na kimekosa nini.

Makosa yanayonyamaza

Lililo gumu zaidi ni kosa lisilolalamikiwa. Mashine imetekeleza kila amri, dirisha la makosa ni tupu, na bendera si bendera.

Mfano wa kwanza ni bendera nyeusi tititi. Ili kuchagua rangi, JavaScript hutumia sifa iitwayo “fillStyle”, yenye S kubwa katikati. Mwanagenzi ameandika “fillstyle”. Angekosea hivyo katika jina la amri, kwa mfano aandike “fillrect” badala ya “fillRect”, mashine ingelalamika mara moja kuwa haijui kitendo hicho. Lakini katika sifa hainung'uniki. Inachukulia kwamba mwandishi amebuni jina jipya, inalihifadhi na kusonga mbele, huku rangi halisi ikibaki ile ya mwanzo, ambayo ni nyeusi. Milia yote mitano inachorwa kwa rangi nyeusi. Kwa lugha ya sarufi, mashine hukataa kitenzi isichokijua lakini hukaribisha nomino yoyote. Ndiyo maana ule utengano wa maneno ya mashine na ya mwandishi haukuwa porojo: “fillstyle” limevaa nguo za neno la mashine ilhali ni neno la mwandishi aliyelizaa bila kujua.

Mfano wa pili umeipa makala hii kichwa chake. Shuleni mwanafunzi amefundishwa kuwa mhimili wa wima huanzia sifuri chini na kupanda juu. Kwenye turubai sifuri iko juu, pembeni kushoto, na thamani huongezeka kadiri mtu anavyoshuka. Hata Scratch, lugha ya watoto iliyotolewa na MIT mwaka wa 2007 na ambayo ina tafsiri ya Kiswahili, inafuata mhimili unaopanda kama ule wa shuleni. Basi mwanagenzi anayejenga bendera yake kutoka chini ataweka kijani kwenye sifuri, mweupe kwenye 60, mwekundu kwenye 70, mweupe kwenye 130 na mweusi kwenye 140. Hesabu yake haina doa. Bendera inatokea juu chini, kijani kikiwa kileleni.

Ni rahisi kumwambia, “Badilisha nambari hizi na hizi.” Atabadilisha, bendera itasimama, na kesho atachora nyumba yenye paa ardhini. Jambo la manufaa zaidi ni kumwomba achore kitu kimoja tu, mstatili mdogo kwenye 0, kisha mwingine kwenye 100, na aseme ni upi ulio juu. Akishaona kwa macho yake, hahitaji kuambiwa. Pengine atauliza kwa nini iko hivyo, na akiuliza aambiwe ukweli: kiwambo, kama ukurasa wa kitabu, hujazwa kutoka juu kwenda chini, na mpangilio huo umerithiwa.

Mfano wa tatu ni wa bendera iliyokatwa. Turubai lisilotajiwa vipimo hupewa na kivinjari upana wa pikseli 300 na kimo cha 150. Mwanagenzi aliyesahau kutaja kimo cha 200 atapata milia minne ya kwanza ikiwa kamili, kwa kuwa inaishia kwenye 140, na wa kijani utaonekana kwa pikseli 10 tu, mwembamba kama mlia mweupe. Akijaribu kutibu hali hiyo kwa kuagiza kimo cha 200 kupitia mtindo wa ukurasa badala ya sifa ya turubai lenyewe, kivinjari kitavuta picha ile ile ya 150 hadi ifike 200. Mlia mweusi utanenepa hadi pikseli 80, na kijani kitabaki chembamba vilevile. Ni kama kumvuta mtu mfupi kwenye picha ili aonekane mrefu.

Wa nne hutokea mwanagenzi anapopata ujasiri. Anaweka kisanduku ambamo mtumiaji ataandika kimo cha mlia mkubwa. Mtumiaji anaandika 60. Mlia mweusi unatokea, halafu basi. Chanzo chake ni kwamba kilichoandikwa kisandukuni huchukuliwa kuwa matini, hata kama ni tarakimu. Alama ya kujumlisha ikikutana na matini haijumlishi bali huunganisha: 60 na 10 vinakuwa 6010, na mlia mwekundu unachorwa mbali kabisa nje ya turubai. Mlia mweupe wa kwanza uko mahali pake, lakini nani atauona mweupe kwenye ukurasa mweupe? Kinachotatiza zaidi ni kwamba kuzidisha hakuna shida hiyo. Alama ya kuzidisha haina kazi nyingine, kwa hiyo mashine huigeuza matini kuwa nambari bila kuombwa. Mwanafunzi wa lugha ataitambua hali hii haraka. Ni utata wa kimaana: alama moja yenye maana mbili, na muktadha ndio unaoamua. Suluhisho ni kuigeuza matini iwe nambari waziwazi kabla ya kuitumia.

Ngao ina mtego wake. Mwanagenzi huchora duaradufu nyekundu, kisha duaradufu ndogo nyeupe ndani yake, na kwa mshangao ngao nzima inakuwa nyeupe. Hakutoa amri ya kuanza njia mpya, kwa hiyo mashine iliendelea kuikumbuka duaradufu ya kwanza na kuijaza tena kwa rangi ya pili. Kalamu haikuinuliwa.

Nafasi ya msaidizi

Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeshirikiana na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon kuunda lugha ya Logo mwaka wa 1967, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka wa 1980, *Mindstorms*, kwamba swali la kuulizwa kuhusu programu si iwapo ni sahihi au si sahihi, bali iwapo inaweza kurekebishwa. Tofauti ya maswali haya mawili ni kubwa darasani. Lile la kwanza linafanana na kalamu nyekundu iliyopigwa juu ya insha. La pili linafanana na kazi ya mhariri, ambaye huamini kwamba mwandishi alikuwa na jambo la kusema.

Kutokana na mtazamo huo, mambo fulani yanamfaa msaidizi. La kwanza kwa uzito ni kuuacha mkono wa mwanagenzi kwenye kibodi. Msaidizi aongee, aonyeshe kwa kidole ikibidi, lakini asibonyeze. Inachosha, kwa kuwa kosa ambalo msaidizi angeliondoa kwa sekunde tano litachukua robo saa. Robo saa hiyo ndiyo somo lenyewe.

Hali kadhalika, aanze kwa kuuliza mwanagenzi alitaka kuona nini na ameona nini. Jibu la “haifanyi kazi” lisikubaliwe, si kwa ukali, bali kwa kurudia swali hadi lipatikane jibu kama “nilitaka kijani kiwe chini, kimekuwa juu.” Kisha mwanagenzi asome programu yake kwa sauti, mstari kwa mstari, akieleza kwa Kiswahili kila mstari unaagiza nini. Mara nyingi hukwama mwenyewe katikati ya sentensi, “Hapa nachagua rangi… ngoja kwanza, Mwalimu,” na msaidizi hana la kuongeza. Iwapo msaidizi ni mwanafunzi mwenzake, mambo huwa mepesi zaidi, maana hakuna anayeona haya kubahatisha mbele ya mwenzake.

Ikumbukwe pia kuwa mabadiliko yafanywe moja baada ya jingine. Mwanagenzi aliyebadilisha vitu vitatu kwa pamoja na bendera ikatengemaa hajui ni kipi kilichomponya.

Kuna kishawishi kingine ambacho huwapata hasa wasaidizi wenye ujuzi. Wakiona mistari mitano ya kuchora milia mitano, huwashwa na vidole kuifupisha iwe kitanzi kimoja cha kurudiarudia. Programu inakuwa fupi na nadhifu, lakini haiwi tena ya mwanagenzi. Mistari yake mitano iliyorefuka ndiyo anayoielewa, na hakuna aliyemwomba mtu ushairi. Hata neno “rahisi” linafaa kuepukwa. Anayeambiwa “hii ni rahisi tu” baada ya kuhangaika saa mbili husikia tusi, hata kama halikukusudiwa.

Mwishowe, namna ya kujua kama msaada umefika ni kumpa mwanagenzi bendera nyingine na kuondoka. Ile ya Uganda inafaa. Ina uwiano huo huo wa 2 kwa 3, na milia sita iliyo sawa, mweusi, wa manjano, mwekundu, kisha mweusi, wa manjano na mwekundu tena, pamoja na korongo katikati, ambaye anaweza kusubiri. Akiyatumia tena vipimo vyake vya 300 kwa 200, atagundua kwamba 200 haigawiki kwa sita, na mashine itakapochora mlia unaoishia katikati ya pikseli itapaka kivuli hafifu kwenye mipaka ya rangi. Hakuna ujumbe wa kosa utakaomweleza hayo. Mwanagenzi aliyejifunza kusoma atausogelea uso wa kiwambo, ataona ukungu ule kati ya manjano na nyekundu, ataizingatia hesabu yake, kisha ataliandika upya turubai liwe la 270 kwa 180, kila mlia pikseli 30.